Kijitabu cha Maumivu

Kila jioni, Fundi akishanawa saruji mikononi na kubadili shati, alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kijitabu chenye jalada la kijani, akalamba ncha ya penseli yake ya kazini, kisha akauliza:

"Haya, mke wangu. Leo ngapi?"

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Vidole, alifumba macho akaukagua mwili wake chumba kwa chumba, kama mwenye nyumba anayetafuta mvua imevujia wapi. Shingo. Mabega. Kiuno. Magoti. Nyayo, ambazo tangu asubuhi zilikuwa zikikanyaga sakafu kama zinakanyaga chupa iliyovunjika. Akimaliza ukaguzi ndipo anasema:

"Nane."

"Nane," Fundi anarudia, anaandika, anakirudisha kijitabu kwenye sanduku la zana, katikati ya pimamaji na mwiko, asije mtoto akakichorea paka.

Ndivyo walivyoelekezwa hospitali. Sifuri maana yake huumwi popote. Kumi maana yake huwezi hata kufikiria kinachozidi hapo. Kila siku namba moja, wiki kumi na nne, na kila usiku kidonge kimoja chini ya ulimi, unakiacha kinyeyuke chenyewe. Mikono ya Vidole ikifika jioni haikuweza kushika kalamu, basi muuguzi akasema mume ataandika. Fundi alikubali kwa moyo mmoja. Alikuwa mtu wa vipimo. Kitu kisichowekewa kamba wala timazi kilimsumbua akili.

Na maumivu ya mkewe yalimsumbua miaka minne. Picha za mifupa zilitoka safi. Damu safi. Mkojo safi. Vipimo vyote vilikuwa safi, na usafi huo ndio uliomchafulia Vidole jina.

"Ugonjwa gani huu usiopigwa picha?" mama mkwe aliuliza kila aliposikia mkwewe akiguna. "Mimi nimezaa saba, na nilirudi shambani wa saba hajakauka kitovu."

Ni daktari wa utafiti ndiye wa kwanza kuupa ugonjwa ule jina, refu kiasi kwamba yeye mwenyewe alilitamka kwa kupumzika njiani. "Mama, wewe huigizi," alimwambia. "Mwili wako una king'ora. Mwizi hayupo, lakini king'ora kinalia usiku na mchana. Kuna dawa mpya tunaijaribu, kazi yake kubwa ni kukufanya ulale usingizi wa kweli, maana mwili usiolala king'ora chake hakizimiki. Nusu yenu mtapewa dawa hiyo. Nusu nyingine mtapewa kidonge kinachofanana nayo, ndani hakina kitu. Nani kapata kipi, hata mimi sijui."

Vidole alilia pale pale kwenye kiti. Si kwa sababu ya dawa. Ni lile neno, huigizi.

*

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na zamani ilikuwa yake. Jina la Vidole alilipatia pale: alikuwa akisuka kichwa kizima cha mistari huku anasimulia harusi ya juzi, na harusi ilikuwa haijafika kwenye keki, mteja ameshapewa kioo. Siku hizi mikono yake ilikuwa haikai juu zaidi ya dakika tano. Kiti kilikuwa kimeshikwa na wifi yake, dada yake Fundi, ambaye watu walimwita Redio, maana alikuwa hana kitufe cha kuzimia. Vidole alikaa kwenye stuli akipitisha vitana na kuchambua nywele za bandia.

"Vidole, na wewe umekuwa msaidizi?" aliuliza mama muuza mitumba, kichwa chake kikiwa kwenye magoti ya Redio. "Ulikuwa ukinisuka wewe natoka hapa macho yamevutika kama ya paka. Mume wangu ananiita jina langu la usichana."

Chumba kizima kikacheka. Vidole akacheka pia. Kwenye nyumba iliyojaa watu, asiyecheka ndiye anayechekwa.

"Mwacheni, yuko kwenye majaribio," Redio alisema na kitana mdomoni. "Anakula vidonge ambavyo hata duka la dawa halivijui. Na nauli anarudishiwa. Mimi ningeumwa hata nywele!"

"Lakini vinamsaidia?"

"Vingemsaidia, mimi ningekuwa bado nimekalia kiti hiki? Halafu niwaambie kitu. Kuna mama mmoja kule ng'ambo ya barabara, alitiwa kwenye majaribio ya presha. Mwezi wa pili, dawa ikamkataa. Mnajua walimfanya nini? Walimtoa! Asubuhi na mapema, kama mpangaji asiyelipa. Ng'ombe asiyetoa maziwa, nani atamkatia majani?"

"Uliambiwa na nani?" Vidole aliuliza.

"Na watu."

Siku hiyo Fundi alikuwa hana kazi ya nje, alikuwa mlangoni anabadilisha bawaba. Vidole aliisikia bisibisi ikizunguka, kisha akaisikia ikisimama. Alipogeuka, mumewe alikuwa anamtazama Redio kama mtu anayesomewa barua.

Jioni ile aliuliza kama kawaida. Vidole akasema nane. Penseli ilichelewa kidogo kabla ya kugusa karatasi.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika," Fundi alisema, akafunga sanduku.

*

Kila baada ya wiki mbili walikwenda hospitali, Fundi ameshika bahasha yenye kijitabu, Vidole ameshika mkono wa Fundi. Kwenye benchi la ukumbini alipata shoga, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba, anayeumwa mwili mzima miaka kumi na moja.

"Chako kinafanyaje?" Mwalimu alimnong'oneza wiki ya sita. "Changu kinautia ulimi ganzi. Nikikiweka, dakika kumi siwezi hata kusema usiku mwema. Halafu nalala! Nalala kama gunia, mwanangu. Juzi nimeamka jua limeshafika dirishani, nikadhani nimekufa."

Vidole alicheka mpaka mbavu zikamkumbusha kwamba nazo zipo. Lakini moyo ulikuwa umetua mahali pabaya. Ulimi wake yeye haukufa ganzi hata siku moja. Kidonge chake kilinyeyuka kama pipi ya mtoto, akabaki macho, anahesabu mbao za dari.

Njiani alimwambia mumewe.

"Kila mtu na ulimi wake," Fundi alisema. "Usianze kukata tamaa. Hawa watu wanataka kuona mabadiliko."

Muuguzi aliyepokea vijitabu alikuwa msichana mpole mwenye haraka. "Unaendeleaje, mama?"

"Tunashukuru," Vidole alijibu, vile kila mtu anavyojibu. Ukumbi umejaa, foleni iko nyuma yako. Mtu akikuuliza hali hummwagii ndoo nzima.

Muuguzi alipekua kurasa. "Hongera. Unakwenda vizuri sana."

Vidole alichukulia ni adabu ya kazi. Hata yule mzee aliyeletwa kwenye kiti cha magurudumu aliambiwa anakwenda vizuri.

Na kusema kweli, kulikuwa na kitu kilichokwenda vizuri, ila hakikuwemo kwenye kidonge. Tangu aolewe, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali moja kila siku, kisha akanyamaza kusubiri jibu. Mchana kutwa alikuwa akilitunza jibu lake kama mtu anayetunza chakula cha mgeni. Mama mkwe akimsema, Redio akimpigia mfano, alijiambia: ngoja jioni, kuna mtu ataniuliza, na nitasema, na itaandikwa.

*

Wiki ya tisa, Jumapili, binti yao wa miaka saba alimletea kitana.

"Mama, nisuke wewe. Shangazi anavuta."

Vidole alimketisha katikati ya magoti yake. Alisuka mstari wa kwanza, ukanyooka. Wa pili, mabega yakaanza kuwaka. Wa tatu aliumaliza kwa meno yaliyoumana, machozi yakidondokea utosini kwa mtoto, naye mtoto akauliza kama mvua inavuja. Hapo mikono ikashuka yenyewe, kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameiona mistari mitatu, machozi hakuyaona. Uso wake ulifunguka kama dirisha.

"Umesuka!" alisema. "Mama! Njoo uone, amesuka!"

Mama mkwe alikuja, akatazama kichwa cha mjukuu, upande mmoja mistari, upande mwingine kichaka. "Mitatu," alisema. "Kumbe akitaka anaweza."

Redio alikimalizia kichwa kile jioni. Vidole alilala siku mbili bila kuinua shingo. Siku ya kwanza alisema tisa. Siku ya pili alisema tisa. Mumewe alimletea uji kitandani, akamlisha kijiko cha kwanza mwenyewe, akaandika, akakirudisha kijitabu mahali pake.

*

Siku ya mwisho, Mwalimu alitoka chumbani kwa daktari anatembea bila kugusa ukuta. "Nilikuwa na dawa yenyewe!" alisema, akamshika Vidole mashavu. "Si kwamba nimepona, mwanangu. Lakini nimeshuka. Kutoka kwenye ghorofa ya tisa nimeshuka mpaka ya nne, naona watu. Ingia, ingia."

Waliingia, mtu na mumewe. Daktari aliweka mikono mezani.

"Leo tumeifungua siri. Mama, wewe ulikuwa kwenye kundi la kidonge kisicho na dawa."

"Nilijua," Vidole alisema. "Ulimi uliniambia."

Daktari alitabasamu. "Sasa kuna habari njema, tumeipata wiki hii. Wenye utafiti wamekubali kwamba wale waliopata kidonge kitupu, na bado maumivu yao yako tano kwenda juu, waanze dawa yenyewe. Bure, mwaka mzima, kuanzia leo."

Vidole alimshika mumewe goti. Aliona kichwa cha binti yake, mistari yote, sikio hadi sikio. Aliona stuli inarudi kuwa stuli, na kiti kinarudi kuwa chake. "Basi ni mimi," alisema. "Daktari, huyo ni mimi!"

"Hapana, mama. Kwako ni furaha zaidi." Daktari aligeuza kompyuta ili waione. "Wewe hata dawa huihitaji. Ulianza na nane, umemaliza na tatu. Hutokea, mwili hujituliza wenyewe. Tazama."

Vidole alitazama. Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa mstari. Wiki ya kwanza ulikuwa juu, unapanda na kushuka, nane, tisa, nane, saba, tisa. Kisha, kuanzia wiki ya tatu, ulianza kuteremka. Ngazi kwa ngazi, kila ngazi siku zake, hakuna iliyozidi mwenzake upana. Hata zile siku mbili za mistari ya mtoto, alizolala shingo haiinuki, palikuwa na ngazi nzuri tambarare. Tano. Tano.

Aliifahamu kazi ile. Nusu ya nyumba za mtaani kwao zilikuwa na ngazi za namna ile. Maumivu hayajui kushuka hivyo. Anayeshuka hivyo ni mtu mwenye pimamaji.

"Sijawahi kusema tatu," alisema polepole. "Daktari, mimi tangu nishikwe na ugonjwa huu sijawahi kusema tatu."

Fundi alikuwa anaangalia kucha zake, zenye saruji isiyotoka kwa sabuni yoyote.

"Sema," mkewe alimwambia. "Nakuomba, baba, sema."

"Ni mimi," Fundi alisema. "Niliambiwa mnawatoa wasiopona. Nikaona nimpunguzie kidogo kidogo, mumwone anafaa, msimtoe. Adhabu nipeni mimi. Yeye alikuwa anasema nane. Kila siku nane, tisa. Namba zake zote ninazo kichwani, naweza kuziandika upya hapa hapa."

Daktari alivua miwani, akaiweka juu ya kijitabu cha kijani.

"Hatukumtoa mtu yeyote kwa kutopona," alisema. "Wasiopona ndio tuliokuwa tunawatafuta, ili wapate dawa. Sasa mzee wangu, nifanyeje? Nikikiamini kijitabu, mkeo amepona. Nikikuamini wewe, kijitabu ni cha uongo, na sheria inasema mwenye kijitabu kilichochezewa anatolewa na karatasi zake zote. Kote kote yuko nje. Sina mlango mwingine."

"Nikikupigia magoti?" Vidole aliuliza, tayari ameshaanza kuinuka.

"Magoti yanakuuma, mama. Kaa."

Hiyo ndiyo iliyomvunja. Daktari, aliyemwamini kuliko wote, ndiye aliyemfungia mlango, tena kwa upole.

"Dawa itauzwa lini madukani?"

"Ikipitishwa, miaka miwili, mitatu. Na bei yake..." Daktari alitazama viatu vya Fundi, akaiacha sentensi hapo.

*

Walikaa kwenye benchi la nje, palipokuwa na kivuli cha ukuta.

"Nilipiga plasta tu," Fundi alisema. "Wewe unajua kazi yangu. Ukuta ukipinda kidogo unaupigia plasta, mwenye nyumba anafurahi, anakuita tena. Nilitaka wakuite tena."

"Na ukuta?"

"Ukuta gani?"

"Ule ulio ndani. Ukishapigwa plasta, unanyooka?"

Fundi alifungua mdomo mara mbili, kama mtu anayejaribu funguo, kisha akainamisha kichwa. Mabega yake makubwa ya kubeba matofali yalianza kutikisika, bila sauti. Vidole alitaka kuunyoosha mkono amshike mgongoni. Mkono haukufika; ulikuwa na maumivu yake, na siku hiyo ulikuwa na sababu zake pia.

"Nilikuwa nakusubiri kutwa nzima," alimwambia. "Kutwa nzima nasubiri uje uniulize. Ulikuwa unaniuliza ya nini?"

*

Nyumbani walikuta saluni imejaa. Wateja wawili, mama muuza mitumba aliyekuja kupiga soga, mama mkwe kwenye kiti chake karibu na mlango, na Redio katikati ya yote, kitana juu kama kipaza sauti.

"Kimya jamani, taarifa ya habari!" alitangaza. "Haya kaka, wamesemaje?"

"Alikuwa anakula kidonge kisicho na dawa," Fundi alisema.

Kilipita kicheko ambacho mtaa ule ulikikumbuka mwezi mzima. Mama muuza mitumba alijipiga mapaja. "Wiki kumi na nne anaramba sukari! Wifi yako amerogwa na peremende!"

Mama mkwe hakucheka. Aliinua mkono, watu wakanyamaza. "Na kile kijitabu," aliuliza, "ulichokuwa unaandika kila siku. Mwishoni kilisemaje?"

Vidole alimtazama mumewe. Chumba kizima kilimtazama mumewe. Palikuwa na neno moja tu la kusema, na alikuwa ameshalisema mara moja siku ile, mbele ya mgeni mwenye koti jeupe. Kulisema tena hapa, mbele ya mama yake na dada yake na wateja, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

"Kilisema ameshuka mpaka tatu," Fundi alisema, akapita katikati ya watu kwenda uani kuosha miguu, ijapokuwa siku hiyo hakuwa amekanyaga saruji.

"Basi!" mama mkwe alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyetua mzigo. "Sukari imemponya. Nilisema mimi, na mkaniona nina roho mbaya. Mkwe wangu, hakuna aliyekuchukia hapa. Tulitaka uache tu maigizo."

Redio alimfuata Vidole, akamfumbatisha kitana mkononi, kwa mapenzi kabisa. "Shika, wifi. Usione haya, sote tuna siku zetu za uvivu. Kesho kuna bibi harusi na dada zake wawili. Nakuachia bibi harusi."

Vidole alikishika kitana. Hakukitupa. Alikaa kwenye stuli yake, na watu wakarudia mazungumzo yao pale yalipokatikia.

Jua liliposhuka, Fundi aliingia chumbani. Alikuwa amenawa, amebadili shati. Alikaa ukingoni mwa kitanda mahali pake pa siku zote, mkono ukaenda wenyewe kwenye sanduku la zana, ukakuta pimamaji, ukakuta mwiko, na katikati yake nafasi tupu. Kijitabu kilikuwa kimebaki hospitali. Alibaki na penseli tu, anaizungusha.

Upande wa pili wa ukuta Redio alikuwa anacheka. Vidole alikuwa amelala chali, kitana cha bibi harusi kimewekwa kifuani. Shingo ilikuwa inawaka. Mabega, kiuno, magoti, hakuna chumba ndani yake ambacho hakikuwa kinavuja.

"Mke wangu," Fundi alisema. "Leo ngapi?"

Vidole alifumba macho, akajikagua mpaka mwisho, kama siku zote.

"Tatu," alisema.